Ziwa Lina Mwenyewe, Njia ni ya Wote

Mtu akinunua ardhi yenye mlima au ziwa, je, amenunua pia ruhusa ya kuwafungia wengine wote? Swali hilo huleta magomvi katika nchi nyingi. Tutazame, wasomaji wapenzi, jinsi lilivyojibiwa Bavaria, kusini mwa Ujerumani.

Huko, chini ya Zugspitze, mlima mrefu kupita yote ya Ujerumani (meta 2962), liko ziwa dogo liitwalo Eibsee. Maji yake ni ya kijani, na misitu imelizunguka. Ziwa hilo si la Serikali, ni mali ya watu binafsi. Hata hivyo, njia ya mwendo wa saa mbili hivi yazunguka ziwa lote, na watu wengi huipita kwa miguu.

Sababu yake ni nini? Mwaka 1946, vita vikiwa vimekwisha na miji mingi ikiwa magofu, wananchi wa Bavaria walijipatia Katiba mpya kwa kura. Kifungu cha 141 chatoa ruhusa kwa kila mtu kuufurahia uzuri wa nchi: kupita katika misitu na malisho ya mlimani, kusafiri majini, na kuchuma matunda ya mwitu kwa kadiri ya desturi ya mahali. Tena Serikali na miji zimepewa wajibu wa kuziacha wazi njia za kufikia milima, maziwa na mito, hata ikibidi kupunguza haki ya mwenye mali.

Je, mwenye mali amenyang'anywa? Hata kidogo. Ziwa labaki lake, naye aweza kuliuza au kuwarithisha wanawe. Asichoweza ni kumfukuza mpita njia bila sababu ya haki.

Lakini Katiba hiyo hiyo yamwamuru kila mtu kuitunza nchi anayoipita. Atupaye takataka ufukoni, aachaye lango la malisho wazi hata ng'ombe wakapotea, humpa mwenye mali sababu ya kujenga ukuta. Nao watakaoumia ni wasio na kosa, hasa maskini wasio na bustani yao wenyewe.

Basi, wazazi, wafundisheni watoto neno hili: mwenye mali akumbuke kwamba mlima hakuuumba yeye, na mgeni akumbuke kwamba njia hakuilipia. Wote wawili wakikumbuka hivyo, hakuna atakayehitaji kufuli.