Vidonge, Sindano au Kijiti?

Akina mama wengi wanaofika zahanati huuliza: "Ipi ni bora, vidonge, sindano au kijiti?" Zote tatu zina homoni. Homoni hiyo huzuia mimba isitunge. Tofauti ni njia inayopita kuingia mwilini, na muda inaodumu humo. Kwa hiyo mimi kwanza humwuliza mama: unaishi wapi, na mwezi ujao utakuwa wapi?

Vidonge humezwa kila siku, saa ile ile. Mama anayelima pamba na kulala kwake kila siku anaweza kuvifuata vizuri. Je, mama wa machimboni? Leo yuko Rwamagasa. Kesho anasikia dhahabu imetoka Mwakitolyo, anafunga sufuria zake, anakwenda kupika huko. Vidonge vimebaki nyumbani! Akikosa siku 3 mfululizo, anaweza kushika mimba.

Sindano huchomwa kila baada ya miezi 3. Wengi huipenda kwa sababu haionekani, na wengine hawataki mume ajue. Afadhali mume na mke wapange pamoja. Lakini mama aliyechoka kuzaa mfululizo, mimi siwezi kumrudisha eti kwa sababu amekuja peke yake. Ila ajue kwamba akiacha sindano, mimba inaweza kuchelewa miezi mingi, hata karibu mwaka.

Kijiti huwekwa chini ya ngozi ya mkono. Hudumu miaka 3 au 5, kwa aina yake. Kwa mama anayehamahama, naona hicho ndicho kinachofaa zaidi. Hakisahauliki. Akitaka mtoto kinatolewa, na uwezo wa kuzaa hurudi upesi. Kinatolewa na mtaalamu, si kwa wembe wa jirani. Mama ana haki ya kutolewa hata kabla ya muda wake kwisha.

Sindano na kijiti huvuruga hedhi. Wengine hutokwa damu kidogo kidogo, wengine hawaoni kabisa. Hakuna damu chafu inayojaa tumboni, kama watu wanavyosema.

Sasa jambo ambalo wengi hawalijui. Kifua kikuu ni kingi machimboni, kwa sababu ya vumbi la mawe na kulala kwa kubanana. Dawa yake moja, rifampisini, hupunguza nguvu ya vidonge na ya kijiti pia. Sindano haiathiriki. Basi mama mwenye kijiti akianza dawa za kifua kikuu, amwambie mganga siku hiyo hiyo. Dawa za virusi vya UKIMWI nazo azitaje.

Hakuna hata moja kati ya hizi inayozuia UKIMWI au kaswende. Kwa hayo ni kondomu.

Huduma hii hailipiwi katika zahanati za serikali. Ukihama, chukua kadi yako, uionyeshe zahanati ya huko uendako. Na kama tarehe ya sindano imepita, usijifiche nyumbani kwa kuogopa kugombezwa. Mpaka wiki 4 baada ya tarehe hiyo, bado unaweza kuchomwa.