Swali la Mpemba

Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari ya Magamba, mwanafunzi Erasto Mpemba alitia friza maziwa ya moto ili apate aiskrimu. Yakaganda kabla ya maziwa ya mwenzake yasiyochemshwa. Alipouliza sababu darasani, alichekwa. Hakunyamaza. Akiwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza Dk. Denis Osborne, mwanafizikia wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam; jaribio likarudiwa, na mwaka 1969 makala yao ikachapishwa.

Juu ya maji wataalamu wangali wakibishana. Lakini mwaka 2024 wanafizikia wa Innsbruck, Austria, walinasa ioni 12 na kuzipoza kwa leza, wakaona kwamba mpangilio uliovurugwa zaidi hurejesha ulinganifu wake mapema kuliko uliovurugwa kidogo. Wakaliita jambo hilo kwa jina la Mpemba.

Ndugu viongozi wa Kilwa na Lindi, watoto wa Songosongo na Kilwa Kisiwani huiona barafu ikiyeyuka juu ya samaki wa baba zao, nao wana maswali. Je, shuleni kwao ipo friza na kipimajoto? Tunaomba fungu hilo liingizwe katika bajeti ijayo ya Halmashauri, na mwalimu amcheaye muulizaji asimuliwe habari ya Magamba.