Taimingi ya Beetle isisetiwe kwa sikio

Fundi analegeza distribyuta ya Volkswagen Beetle, anaizungusha injini ikinguruma, anasikiliza. Mlio ukichangamka, anakaza nati na mteja analipa. Utaratibu huu umezoeleka, na unaua injini.

Cheche ya plagi haisubiri pistoni ifike juu kabisa. Moto huchukua muda kusambaa ndani ya silinda, hivyo cheche lazima itangulie kidogo. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, krenki hupita digrii 18 katika kila sehemu moja ya elfu ya sekunde; kadiri mwendo unavyopanda, ndivyo cheche inavyotakiwa kuwahi zaidi. Kwenye Ford Model T ya mwaka 1908 dereva mwenyewe aliiwahisha, kwa wenzo mdogo uliokuwa kushoto, chini ya usukani. Baadaye kazi hiyo ikaachiwa distribyuta. Katika injini nyingi, ndani yake mna vyuma viwili vizito vilivyoshikwa na springi, ambavyo hutanuka mzunguko unapoongezeka.

Sikio hudanganyika hapo. Gari likiwa limesimama, cheche iliyowahishwa kupita kiasi huifanya injini ionekane ina nguvu. Taabu huanza mlimani, gari likiwa na mzigo: digrii za distribyuta zinajumlishwa na zile alizozidisha fundi, injini inagonga, na mwishowe pistoni inaweza kutoboka. Beetle hupozwa kwa hewa, kwa hiyo hakuna hata geji ya maji ya kumshtua dereva.

Kipimo sahihi kinataka balbu inayolingana na volti za betri ya gari na nyaya mbili tu. Beetle nyingi za miaka ya 1960 husetiwa digrii 7.5 kabla ya pistoni kufika juu. Injini inazimwa, swichi inawashwa, balbu inaunganishwa kati ya bodi na ule upande wa koili unaokwenda kwenye pointi. Rota ikielekea silinda namba moja, puli inazungushwa kwa mkono hadi alama yake ilingane na mstari wa katikati ya injini. Kisha distribyuta inageuzwa taratibu. Balbu inapowaka tu, pointi zimeachana. Cheche huruka wakati huohuo.

Nafasi ya pointi, milimita 0.4, ipimwe kwanza. Ikibadilishwa baadaye, taimingi nayo inahama na kazi yote inaanza upya.

Mwenye gari ana haki ya kuuliza imesetiwa digrii ngapi, na kuiona balbu ikiwaka kabla hajatoa pesa.