Siasa Mbaya, Maisha Mbaya: Sarufi ya Utawala wa Kiimla

Mwanafunzi yeyote aandikaye "maisha mbaya" katika insha hupokonywa alama, kwa kuwa nomino "maisha" hudai kivumishi "mabaya". Hata hivyo, kwa miaka mingi kauli "Siasa mbaya, maisha mbaya" ilitoka kinywani mwa Rais Daniel arap Moi, ikakaririwa na wanasiasa na wananchi nchini kote. Nani angethubutu kusimama mkutanoni amsahihishe? Kosa hilo dogo la upatanisho wa kisarufi latufunza jambo kubwa: utawala wa kiimla hudumu pale watu wanaojua lililo sahihi wanapoamua kulinyamazia.

Mimi ni mkazi wa Kiamunyi, kando ya barabara itokayo mjini Nakuru kwenda Kabarak, alikokuwa na makao Moi na alikozikwa Februari 2020. Kwa hiyo siandiki habari za mbali. Historia hii imepita mlangoni petu.

Ni kweli kwamba utawala wake wa 1978 hadi 2002 ulijengwa pia kwa sheria. Mnamo Juni 1982 katiba ilirekebishwa, KANU ikawa chama pekee halali. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1 mwaka uo huo, mbinyo ulizidi. Mwaka wa 1988 ukaja mchujo wa mlolongo, wapigakura wakipanga foleni nyuma ya mgombea hadharani, na apataye asilimia 70 akihesabiwa kuwa ameshinda moja kwa moja. Zipo sehemu ambako foleni fupi ilitangazwa kuwa ndefu machoni pa waliosimama humo. Tangu hapo, neno "mlolongo" halijaurudia usafi wake katika Kiswahili cha Kenya.

Lakini sheria huhitaji lugha ya kuitumikia. Tazama neno "nyayo". Moi aliposhika hatamu alilitumia kueleza kwamba angefuata nyayo za Mzee Kenyatta. Punde si punde nyayo zikawa zake mwenyewe: maziwa ya shuleni yakaitwa ya Nyayo, na uwanja wa michezo, mabasi na mashamba ya chai vivyo hivyo. Mnamo Septemba 13, 1984, aliporejea kutoka Addis Ababa, aliwataka mawaziri na kila mtu mwingine waimbe kama kasuku wimbo auimbao yeye. Mtawala huyo hakuficha alichokitaka, nacho kilikuwa ulimi.

Wapo watakaopinga kwamba kilichowanyamazisha watu ni mateso wala si maneno. Naikubali nusu ya hoja hiyo. Katika vyumba vya chini vya Jumba la Nyayo, Nairobi, washukiwa wa Mwakenya waliteswa vibaya, na vyumba hivyo vilifunguliwa kwa umma mwaka wa 2003 tu. Ila tusisahau kwamba jumba hilo la mateso lilibeba neno lile lile lililohubiriwa kuwa ni amani, upendo na umoja. Waliofungwa humo walikuwa wachache kulinganishwa na mamilioni waliobaki nje wakiitikia. Mateso yalitia hofu, nayo lugha ikaipa hofu sura ya mapenzi.

Hapa Bonde la Ufa tuliona kilele cha matumizi hayo. Vyama vingi viliporuhusiwa Desemba 1991, ghasia za kikabila zilikuwa zimeshaanza, zikaenea Molo, Burnt Forest na kwingineko. Majirani wakaitwa "madoadoa", yaani uchafu wa kuondolewa. Ghasia zikazuka tena baada ya uchaguzi wa 2007, na Nakuru ikaungua. Mwaka wa 2022 Tume ya Taifa ya Uwiano na Utangamano iliorodhesha neno hilo miongoni mwa maneno ya chuki. Kulipiga marufuku ni hatua njema, ingawa waliokwisha kuzikwa hawakuisubiri.

Sisi wanakiswahili tuna deni zito zaidi. Mfumo wa 8-4-4, ulioanzishwa na serikali hiyo hiyo mwaka wa 1985, ndio uliokifanya Kiswahili kuwa somo la lazima la mtihani. Wengi wetu tumo madarasani kwa sababu hiyo. Je, shukrani itufunge midomo? La hasha! Aliyekupa jembe hakukukataza kung'oa magugu shambani mwake.

Napendekeza chama chetu kikusanye, kutoka kwa wazee wa Kiamunyi, Molo na Njoro wangali hai, msamiati wa miaka ile: nani alilitumia neno gani, wapi, na nini kikafuata. Hiyo ni isimujamii yenye faida kwa taifa. Tena tuanze kusahihisha mapema, tungali tunaweza. Mdomo unaozoea kusema "maisha mbaya" kwa hofu, kesho utasema "madoadoa" bila kusita.