Mfumo Ukianguka, Useme Ulipojikwaa

Leo nataka tuzungumzie kitu ambacho wengi wetu hukipiga picha, tukamtumia fundi, kisha tukakisahau: yale maandishi yanayojaa kwenye kioo mfumo wa tarakilishi unapoanguka. Msimamo wangu ni huu. Maandishi hayo yaandikwe kwa ajili ya mtu ambaye hakuwepo mfumo ulipoanguka, na ambaye ndiye atakayeitwa kuutengeneza. Yasipomsaidia huyo, atakisia, na akikisia kuna mtu atasingiziwa. Nasema hivi kwa sababu mimi mwenyewe nimewahi kusingizia mtu.

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa nimetoka chuoni tu na digrii yangu ya sayansi ya tarakilishi, nilimwekea mama mmoja mwenye duka la jumla mashine ya Linux ya kutunza hesabu za mauzo. Baada ya miezi michache ikaanza kuganda ovyo. Nikamwambia, "Mama, ikitokea tena nipigie picha ya kioo." Akanitumia kwa WhatsApp. Picha ilikuwa safi kabisa, ila mistari ya juu, ile yenye maana, ilikuwa imeshapanda na kupotea. Kilichobaki ni safu za namba za heksadesimali zinazoonyesha hali ya rejista za prosesa, na mwishoni tangazo kwamba kerneli imekata tamaa.

Basi nikakisia. Nilisema kijana wa kaunta anachomoa waya wa umeme ili achaji simu, na ndiyo maana mashine imeharibika. Mama aliniamini, mimi si ndiye niliyesoma? Tukanunua RAM mpya, na kijana akakatwa pesa zake kwenye mshahara. Wiki iliyofuata mashine ikaganda tena.

Hapo ndipo nilipowasha netconsole, njia ya kerneli ya kutuma ujumbe wake kwa mashine nyingine kupitia mtandao. Siku ya nne ujumbe ukanifikia mzima. Ulikuwa na jina la funksheni, na pembeni yake, ndani ya mabano ya mraba, jina la moduli. Ilikuwa ni draiva ya kadi ya wifi ya USB ambayo nilikuwa nimeipakua na kuijenga mimi mwenyewe siku ile ya kwanza, kisha nikaisahau. Nikaiondoa, mashine ikatulia. Kijana nilimrudishia pesa zake mkononi na kumwomba radhi mbele ya Mama. Haikuwa rahisi.

Sasa tuangalie ujumbe wenyewe, kwa wale ambao hawajawahi kuusoma. Uti wa mgongo wake ni mfuatano wa miito: funksheni iliyoanguka, iliyoiita hiyo, iliyoiita hiyo nyingine, hadi mwanzo. Mstari mmoja hufanana na huu (majina nimeyabuni):

soma_pakiti+0x4c/0x130 [draiva_wifi]

Maana yake ni kwamba tulikuwa ndani ya funksheni soma_pakiti, baiti ya 76 kati ya baiti zake 304, katika moduli ya draiva_wifi. Mstari huo mmoja tu ungemwokoa yule kijana.

Haikuwa hivyo tangu zamani. Kabla ya kerneli 2.6 ya mwaka wa 2003, kwa kawaida ulipewa anwani tupu za kumbukumbu. Ilibidi uzipitishe kwenye programu iitwayo ksymoops pamoja na jedwali la majina la kerneli ileile iliyoanguka. Ukikosea jedwali, unapata majina yasiyo sahihi na kwenda kutafuta hitilafu mahali isipokuwepo. Baadaye jedwali likaingizwa ndani ya kerneli yenyewe, na majina yakaanza kuchapishwa papo hapo. Mwaka wa 2014 ikaongezwa skripti ya decode_stacktrace.sh, ambayo hugeuza mstari kama ule wa juu kuwa jina la faili na namba ya mstari wa msimbo. Mwaka wa 2017, toleo la 4.14 likaleta ORC, njia ya kufuatilia miito inayoaminika zaidi kwenye prosesa za Intel na AMD. Kitu ninachokipenda mimi ni kwamba pale kerneli isipokuwa na uhakika wa mstari, huuwekea alama ya kuuliza. Inakiri kwamba inakisia. Laiti mimi ningefanya vivyo hivyo pale dukani!

Na tatizo la picha je? Mwaka wa 2024, toleo la 6.10 lilileta kioo maalumu cha kuonyesha mfumo ulipoanguka, na la 6.12 likaongeza uwezo wa kuweka kumbukumbu za kerneli, zikiwa zimebanwa, ndani ya msimbo wa QR. Mwenye mashine anapiga picha kwa simu, fundi aliye mbali anapata maandishi. Windows ilikuwa imeweka QR kwenye kioo chake cha buluu tangu 2016, lakini hiyo ilimpeleka mtumiaji kwenye ukurasa wa msaada tu. Tofauti ni kubwa: moja ilikuelekeza hospitali, nyingine inakukabidhi cheti cha daktari.

Najua wapo watakaonipinga. Wa kwanza atasema kwamba kufichua mambo ya ndani ni kuwasaidia wadukuzi. Hoja hiyo ina uzito, kwa kuwa kerneli za siku hizi hupanga anwani zake upya kila zinapowashwa ili mshambuliaji asijue kitu kiko wapi. Lakini jina la funksheni na umbali ndani yake havitaji anwani halisi. Kwa sababu hiyo hiyo anwani tupu ziliondolewa kwenye mfuatano wa miito na majina yakabaki. Usalama na usomekaji vilipatikana kwa pamoja.

Wa pili atasema taarifa za kutatua hitilafu ni nzito mno kuziweka kwenye kila mashine. Kweli, lakini hakuna anayelazimisha zikae kwa mteja. Zikae kwa mjenzi, na kila toleo libebe kitambulisho chake. Tangu 2019 kuna debuginfod, huduma inayompa mtatuzi taarifa za toleo husika kwa kutumia kitambulisho hicho tu.

Wa tatu ndiye anayeniudhi. Huyu husema fundi wa kweli anapaswa kujua kusoma heksadesimali. Mimi nilifundishwa, na naweza. Lakini ujuzi haurudishi mistari iliyopotea juu ya kioo.

Wenzangu tunaoandika programu hapa nyumbani, tusidhani haya ni ya watu wa kerneli pekee. Ni mara ngapi programu zetu humwambia mteja "kuna hitilafu, jaribu tena", basi? Mfanyabiashara anabaki kumlaumu mhudumu, mhudumu anaulaumu mtandao, nasi tumenyamaza kule tuliko. Naomba tufanye mambo matatu. Tutaje jina la mahali programu ilipoanguka na namba ya toleo lake. Tuhifadhi taarifa za kutatua hitilafu za kila toleo tunalompa mteja. Na tusipokuwa na uhakika, tuweke alama ya kuuliza.

Wahenga walisema usiangalie ulipoangukia, angalia ulipojikwaa. Kioo cha yule Mama kilituonyesha tulipoangukia tu, na gharama yake akailipa mtu asiyejua hata kerneli ni nini.

Tukutane tena wiki ijayo, Mungu akipenda.