Subirini PS6 Wenyewe, Mi Nimechoka

Najua nimekuwa kimya. Testi tatu ndani ya wiki moja, jamani, mtu anasahau hata jina la mama yake. Leo nimepumua, na sikuja na habari za mapenzi wala za foleni ya kantini. Leo nimekuja na ugomvi.

Ugomvi wenyewe ni na mtu ninayelala naye chumba kimoja, pamoja na nyinyi wote mnaofikiri kama yeye. Tumwite Mchumi, maana ndicho anachosomea na ndicho anachojidai nacho. Jana usiku nimetoa hoja ya kawaida kabisa: Jumamosi twende Kariakoo tukanunue PS4 ya mtumba, hela ipo, tumalize. Jamaa akainua uso kwenye sahani ya ugali akasema, taratibu kama babu wa kijijini: "Subiri kwanza. PS6 ikikaribia, PS5 itashuka bei, PS4 itakuwa ya kuokota. Subira yavuta heri."

Wadau, sentensi hiyo naisikia kwa mwaka wa tatu sasa. Mwaka wa tatu! Naomba niwasimulie ilivyoanza, halafu mnihukumu.

Tulipoingia chuo mwishoni mwa 2023 tulikuwa wanne chumbani: mimi, Mchumi, Fundi (huyu ni wa uhandisi) na Winga. Winga tulimwita hivyo kwa sababu ukimpa padi mkononi hapiti katikati ya uwanja hata umlipe. Ni pembeni, krosi, kichwa, goli, halafu anakucheka mpaka unatamani kuhama chumba. Tulikubaliana kuchanga. PS4 ya mtumba yenye padi mbili tuliyoiulizia ilikuwa 560,000, kwa hiyo kila mtu 140,000 kutoka kwenye bumu, kwa awamu mbili. Mweka hazina mimi. Hela ikatimia, ikalala kwenye simu yangu.

Siku ya kwenda dukani Mchumi akasimama mlangoni. Eti amesoma kwamba kuna PS5 mpya nyembamba inatoka Novemba. Ikitoka, ile nene itaporomoka bei, na ikiporomoka itaisukuma PS4 chini. Alichora na mchoro, wallahi, mstari wa ugavi na mstari wa mahitaji. Sisi washamba wa mwaka wa kwanza tukapiga makofi.

PS5 nyembamba ikatoka kweli, Novemba 2023. Kilichotokea ni nini? Huko Marekani yenye sehemu ya CD ikauzwa dola 499, bei ileile ya ile nene ilipoanza mwaka 2020. Isiyo na sehemu ya CD, ambayo ilikuwa 399, ikawa 449. Yaani mpya imekuja na bei imepanda! Mchumi akasema tusubiri PS5 Pro.

Pro nayo ikaja, Novemba 2024, dola 699, na sehemu ya CD unanunua pembeni kama chachandu. PS5 ya kawaida ikashuka? Punguzo za siku chache za mwisho wa mwaka zilikuwepo huko kwao, ila bei yenyewe haikusogea. Ilipofika Agosti 2025 ikasogea, tena kwenda juu: dola 50 zikaongezwa Marekani, yenye CD ikawa 549. Xbox nayo mwaka huohuo ikapandishwa bei mara mbili nchini humo. Na sisi wa huku tunaonunua kitu kilichopanda meli, kikapita bandarini, kikalipiwa ushuru na kubadilishiwa dola njiani, tutapata wapi huo mteremko ambao wenye viwanda wenyewe hawajauona?

Sasa sikilizeni, maana sitaki mseme namwonea Mchumi. Ushauri wake haukutoka hewani, ameurithi kwa kaka zetu, na enzi zao ulikuwa kweli tupu. PS2 ilitoka Marekani mwaka 2000 kwa dola 299. Mwaka 2002 ikawa 199, mwaka 2004 ikawa 149, na 2009 ikafika 99. Mtu aliyesubiri miaka miwili alibaki na dola mia mfukoni. Kwa hiyo kaka yake Mchumi akimwambia subiri, anasema alichokiona kwa macho yake. Tatizo ni kwamba mdogo mtu amelibeba neno bila kuangalia kama mvua bado inanyesha upande ule ule. Kizazi hiki cha mashine kimekuwa kikipanda bei kadiri kinavyozeeka. Ukisubiri ndani ya kizazi hiki unasubiri basi lililokwisha kupita.

Hoja yake ya pili ndiyo inayoniudhi zaidi: "Ukinunua ya zamani utaachwa, gemu hazitatoka tena." Haya. PS3 ilitoka Novemba 2006. Siku ile watu wangapi waliambiwa wasinunue PS2, eti imekufa? Na hiyo PS2 iliyokufa ikaletewa God of War II Machi 2007, baada ya PS3 kuwa imeshaingia sokoni. Ikaendelea kuletewa FIFA kila mwaka mpaka FIFA 14, mwaka 2013. Miaka saba ya mpira kwenye mashine ya marehemu! Sony wenyewe waliacha kuitengeneza mwanzoni mwa 2013, na bado gemu ikaja baada ya hapo.

Na PS4 je? PS5 ilitoka Novemba 2020. God of War Ragnarök ikaja 2022, ikatoka na ya PS4. Mpira wa EA, huu ulioacha jina la FIFA mwaka 2023, umeendelea kutoka na wa PS4 mpaka FC 26, Septemba 2025. Tuseme ukweli wadau, pale getoni tunacheza nini zaidi ya mpira na kupigana?

Najua mtaniambia GTA VI. Sawa, hiyo imetangazwa kwa PS5 na Xbox mpya tu, PS4 haimo, sipingi. Lakini hiyo nayo mwanzoni iliahidiwa 2025, ikasogezwa Mei 2026, halafu Novemba 2025 wakatangaza kuwa ni tarehe 19 Novemba 2026. Mimi na Mchumi tunamaliza chuo Julai. Nisiicheze mashine niliyonayo hela yake leo, kwa ajili ya gemu itakayotoka nikiwa nyumbani natuma barua za kuomba kazi?

Haya, tuje kwenye hesabu, maana Mchumi anapenda hesabu. Muda wote tuliokuwa "tunasubiri" hatukuwa watawa. Tulikuwa tunashuka kibandani. Mechi moja 500. Kwa uchache kabisa kila mmoja alicheza mechi mbili kwa siku, siku nne kwa wiki. Hiyo ni 4,000 kwa wiki. Wiki za masomo kwa mwaka wa kwanza nimeweka 30 tu, sijahesabu likizo wala zile siku za kusherehekea kumaliza mitihani. Inakuja 120,000 kwa kichwa. Kwa watu wanne, 480,000.

Rudia hapo, wadau. Laki nne na themanini, kwenye mashine ya mtu mwingine, tukisukumwa na foleni ya watoto wa shule wanaotuita "anko, zamu yako imeisha". Mwaka wa pili tulipoulizia tena Kariakoo, PS4 kama ileile ilikuwa 520,000. Kwa hiyo subira ya Mchumi ilituokolea 40,000, na kuipata hiyo 40,000 tulitumia 480,000. Nilimwonyesha karatasi. Akasema sijaweka "gharama mbadala". Nikamwambia gharama mbadala ni wewe.

Ila kuna hesabu nyingine ambayo haikai kwenye karatasi, na hii ndiyo iliyonifanya niandike leo.

Mwaka wa pili, muhula wa kwanza, baba yake Winga aliugua. Winga akaahirisha masomo, akarudi kwao Songea kushika duka. Usiku ule kabla hajaondoka nilimrudishia 140,000 yake, ileile aliyochanga, haijaguswa. Ilimsaidia nauli na mambo mengine. Aliihesabu, akaikunja, akacheka: "Kwa hiyo hata kuigusa sijaigusa." Hakusema kwa ubaya. Lakini mimi niliona aibu, na Fundi alijifanya anatafuta chaja chini ya kitanda.

Mpaka leo akipiga simu, baada ya salamu na habari za mzee (anaendelea vizuri, tunashukuru), swali ni moja: "Mshanunua?" Nami najibu, "Bado, tunasubiri." Anasubiriwa nani sijui.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba tulikuwa tunasoma kalenda isiyo yetu. Kiwanda kina kalenda yake. PS3 mpaka PS4 ni miaka saba, PS4 mpaka PS5 miaka saba. Kiwanda kinaweza kusubiri, hakina mtihani wa mwisho. Digrii yetu ni miaka mitatu. Wanne kwenye chumba kimoja, bila mke, bila bosi, bila mtoto anayelia saa nane usiku, hiyo haitatoka tena toleo jipya. Ukisubiri mashine bora miaka mitatu, utaipata, sikatai. Utaiweka sebuleni kwako, utakaa nayo peke yako, na upande wa pili wa padi hakuna mtu.

Sisemi watu wakurupuke. Kuna subira yenye akili. Kitu kikishatangazwa kwa tarehe na bei, na zimebaki wiki chache, subiri. Switch 2 ilionyeshwa Januari 2025, bei ikatajwa Aprili, ikaingia dukani Juni 5, na inacheza gemu nyingi za Switch ya kwanza. Mtu aliyevumilia miezi ile hakupoteza kitu. Na usikimbilie toleo la kwanza la kitu chochote. Walionunua Xbox 360 za mwanzo, zile za 2005 na 2006, wanazijua taa nyekundu. Mwaka 2007 Microsoft walilazimika kuongeza dhamana iwe miaka mitatu na kutenga zaidi ya dola bilioni moja kwa ajili ya matengenezo. Na waliowahi Nintendo 3DS kwa dola 249 mwezi Machi 2011, ilipofika Agosti waliiona inauzwa 169. Hao wana haki ya kulia.

Lakini kusubiri tetesi? PS6 hadi naandika haya Sony hawajataja tarehe yake wala bei yake. Unasubiri kitu ambacho mwenyewe hajasema anakileta lini, ili kiteremshe bei ya kitu ambacho kimekuwa kikipanda. Hiyo siyo subira, ni woga uliovaa tai.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na mwenye kupinga apinge. Jiulize maswali matatu tu: gemu ninazotaka kucheza zinatoka kwenye mashine hii? Hela ninayo bila kukopa wala kula bumu la chakula? Watu wa kucheza nao wapo? Ukijibu ndiyo mara tatu, nenda dukani. Na ukienda, chukua yenye sehemu ya CD, maana CD inaazimwa, inabadilishwa, inauzwa kwa jirani. Tena CD za PS4 karibu zote zinacheza kwenye PS5 yenye sehemu hiyo, kwa hiyo siku ukipata kazi hutatupa kitu. Iwashe hapohapo dukani, isikilize feni, ingiza CD na kuitoa, bonyeza kila kitufe cha padi zote mbili. Muuzaji akinuna, mwache anune.

Jumamosi saa tatu asubuhi mimi na Fundi tunapanda gari kwenda Kariakoo. Pengo la Winga tumeliziba wawili sisi. Mchumi hela yake imo pia, ila anasema anaenda "kama mtazamaji". Aje tu, atatubebea boksi.

Tukimaliza Julai hatuiuzi. Hapo ndipo Mchumi aliponipigia kelele zaidi, eti itakuwa imeshuka thamani. Ishuke! Winga anarudi chuo mwaka ujao wa masomo kumalizia, nimeshaongea na mwenye nyumba chumba abaki nacho. Ataikuta mezani na padi zote mbili. Jana alipopiga simu nilimwambia. Alinyamaza kidogo, halafu akasema: "Sawa, ila jizoezeni krosi, nikija likizo mtalia."

Nawasilisha. Mnaosubiri PS6, kazi kwenu. Naenda kulala, kesho kipindi saa moja.