Mtoto akipewa rufaa, wanaobaki nyumbani nao wana kazi

Barua ya rufaa ya mtoto mwenye saratani huwaondoa wawili nyumbani: mgonjwa na mzazi anayemuuguza. Kutoka Babati mjini hadi KCMC, Moshi, ni kilomita zipatazo 250 kupitia Arusha. Wengine huenda mbali zaidi, hadi Muhimbili, Dar es Salaam. Na tibakemia hutolewa kwa mizunguko, kwa miezi kadhaa. Saratani ya damu huweza kuchukua miaka miwili au zaidi.

Hapo ndipo familia nyingi hukwama. Baada ya mizunguko michache uvimbe hupungua, mtoto anaanza kucheza, huku nyumbani ada, kodi na shamba vinasubiri. Mzazi anamrudisha akiamini amepona. Saratani iliyokatishiwa dawa hurudi, mara nyingi ikiwa ngumu zaidi kutibika. Shirika la Afya Duniani hutaja kuacha tiba njiani kuwa moja ya sababu za watoto wengi kufa katika nchi maskini, wakati katika nchi tajiri zaidi ya 80 kati ya 100 hupona.

Kwa hiyo kikao cha familia kisiishie kwenye kuchanga nauli. Kiamue nani atalala na watoto, nani atalipa kodi, na nani atakwenda kumpokea anayeuguza akichoka. Mkifika hospitali, muulizeni daktari mapema: mizunguko mingapi, na tarehe zipi? Mwoneni afisa ustawi wa jamii fedha zikiwa bado zipo. Muhimbili, watoto wenye saratani hutibiwa bila malipo kwa ushirikiano na shirika la Tumaini la Maisha, lakini unga wa waliobaki Babati hauna wa kuulipia.

Watoto hao waambiwe ukweli unaolingana na umri wao. Anayeambiwa mdogo wake ameenda kutembea kwa shangazi atasikia habari shuleni, au atadhani ule ugomvi wao ndio ulioleta ugonjwa. Yatosha kusema: "Mdogo wako ana ugonjwa unaoitwa saratani. Hauambukizi, na si kosa la mtu. Mama yuko naye hospitali, bibi atakaa nanyi." Akiuliza kama atakufa, asidanganywe: "Ni ugonjwa mkubwa, madaktari wanamtibu. Tukipata habari yoyote tutakuambia."

Majirani nao, "mkihitaji chochote mseme" ni maneno mazuri, ila mzazi aliyelemewa hajui aanzie wapi. Jirani aje na kazi moja: "Mama, Jumamosi nitakuja kufua nguo za watoto." Wanakikoba waweza kumwahirishia rejesho. Na ndugu mmoja apewe jukumu la kupiga simu wiki moja kabla ya kila mzunguko, aulize: "Tarehe ni lini, na nauli ipo?"